Hersch Lauterpacht: jaji aliyekataa kwamba dola ina haki ya kumtenda raia wake ipendavyo

Wasikilizaji wetu wengi mmeyazoea maneno uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mliyasikia wakati kesi za mauaji ya Rwanda zilipokuwa zikisikilizwa Arusha. Mkayasikia tena baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2007, na bado mnayasikia kila zinaposomwa habari za vita. Yamezoeleka kiasi kwamba mtu anaweza kudhani yamekuwepo tangu zamani, kama yalivyo maneno wizi na uuaji.

Sivyo. Kabla ya mwaka 1945 hakuna mtu aliyewahi kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa kosa lenye jina hilo. Mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa kuliingiza kosa hilo katika sheria alikuwa profesa mmoja mpole wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, aliyekuja baadaye kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Jina lake ni Hersch Lauterpacht.

Katika makala haya tunaeleza maisha yake, kazi yake, na kwa nini yanatuhusu hata sisi wa Afrika Mashariki.

Mtoto wa mfanyabiashara wa mbao

Lauterpacht alizaliwa tarehe 16 Agosti 1897 katika mji mdogo wa Żółkiew, jirani na mji mkubwa wa Lemberg. Wakati huo eneo hilo lilikuwa chini ya dola ya Austria-Hungaria. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia likawa sehemu ya Poland, na leo liko Ukraine. Hata jina la mji mkubwa lilibadilika kila watawala walipobadilika. Wajerumani waliuita Lemberg, Wapoland wakauita Lwów, na Waukraine wanauita Lviv.

Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake, Aron, alikuwa akifanya biashara ya mbao, na mama yake aliitwa Deborah. Walikuwa na watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja. Walipohamia Lemberg, kijana Hersch alisoma huko, na baadaye akaanza masomo ya sheria katika chuo kikuu cha mji huo.

Vita vilipozuka mwaka 1914, jeshi lilichukua kiwanda cha mbao cha baba yake, na Hersch akapangiwa kazi humo. Mwaka 1918, dola ya Austria-Hungaria iliposambaratika, Wapoland na Waukraine walianza kupigana mitaani Lemberg, kila upande ukitaka mji uwe wake. Wayahudi walijikuta katikati. Wapoland waliposhinda, nyumba na maduka ya Wayahudi yalivamiwa, yakaporwa na watu wakauawa.

Kijana huyu aliona kwa macho yake jambo ambalo angelifikiria maisha yake yote: mtu anaweza kuamka asubuhi akiwa chini ya serikali nyingine bila kuhama nyumba yake, na serikali hiyo mpya isimhesabu kuwa mtu wake. Nani basi atamlinda?

Kutoka Vienna hadi London

Milango ya chuo kikuu cha Lemberg ilizidi kuwa migumu kwa wanafunzi wa Kiyahudi, naye mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuruhusiwa kufanya mitihani ya mwisho. Mwaka 1919 akaenda Vienna, mji mkuu wa Austria. Huko alifundishwa na Hans Kelsen, mmoja wa wanasheria mashuhuri kabisa wa karne ile. Alipata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1921, na nyingine ya sayansi ya siasa mwaka 1922.

Vienna ndiko alikokutana pia na Rachel Steinberg, msichana kutoka Palestina aliyekwenda kusomea piano. Walifunga ndoa mwezi Machi 1923, na mwezi uliofuata wakavuka bahari kwenda Uingereza.

Lauterpacht alikuwa na umri wa miaka 25. Kiingereza chake alikuwa amejifunza zaidi kwa kusoma vitabu, hata walimu wake wa kwanza mjini London walipata shida kumwelewa alipozungumza. Hakukata tamaa. Aliingia katika mihadhara mingi kadiri alivyoweza ili asikie lugha, na baada ya muda mfupi akawa anaizungumza vizuri. Mlezi wake katika masomo alikuwa Arnold McNair, mwanasheria aliyekuja kuwa rafiki yake kwa maisha yote. Mwaka 1928 Lauterpacht na Rachel walipata mtoto wao wa pekee, Elihu. Mwaka 1931 Lauterpacht akawa raia wa Uingereza.

Mataifa ni kama watu

Ili kuelewa kazi yake, inafaa tujue kwanza sheria ya kimataifa ni nini. Ni kanuni zinazoongoza nchi na nchi: mikataba ya mipaka, uvuvi, biashara, mabalozi na vita. Tatizo lake linajulikana. Kijijini, mwizi akikamatwa kuna polisi na kuna mahakama. Kati ya nchi na nchi hakuna polisi. Ndiyo maana wengi wakati ule walisema kwamba sheria ya kimataifa si sheria ya kweli, na kwamba wakubwa hufanya watakavyo.

Lauterpacht hakukubali. Katika kitabu chake cha kwanza kikubwa, kilichotoka mwaka 1927, alionyesha kwamba kanuni nyingi zinazotumika kati ya nchi na nchi zimetokana na kanuni zile zile wanazotumia watu wa kawaida katika mikataba, urithi, mali na fidia. Ahadi ni ahadi, iwe ya mkulima aliyekodi shamba au ya serikali iliyotia saini mkataba.

Kitabu chake cha mwaka 1933 kilikwenda mbali zaidi. Baadhi ya wataalamu walifundisha kwamba kuna migogoro mikubwa mno kwa mahakama, migogoro inayogusa heshima au maslahi makuu ya nchi, ambayo jaji hana uwezo wa kuiamua. Lauterpacht alijibu kwamba hakuna mgogoro wa namna hiyo. Kila mgogoro kati ya nchi unaweza kuamuliwa kwa sheria, mradi wahusika wakubali kwenda mahakamani. Wanapokataa, tatizo ni kutotaka kwao, wala si udhaifu wa sheria.

Alifanya pia kazi nyingine isiyo na sifa nyingi lakini yenye faida kubwa. Pamoja na McNair alianzisha mfululizo wa vitabu vya kukusanya hukumu kutoka mahakama za nchi mbalimbali zilizogusa sheria ya kimataifa. Vitabu hivyo vinaendelea kutolewa mpaka leo, na wanasheria huvitumia kuonyesha kwamba sheria hiyo inafanya kazi kila siku, hata kama haipigiwi kelele.

Mwaka 1938 alianza kazi ya uprofesa wa sheria ya kimataifa huko Cambridge, akichukua nafasi ya McNair. Mtu aliyefika akiwa mgeni asiyeeleweka lugha yake alikuwa sasa ameshika moja ya viti vya juu kabisa vya elimu ya sheria nchini Uingereza.

Barua zilizokoma

Mwaka uliofuata Vita vya Pili vya Dunia vilianza. Poland ilivamiwa na kugawanywa kati ya Ujerumani na Urusi ya Kisovieti. Lemberg ilianguka upande wa Wasovieti, lakini mwezi Juni 1941 Wajerumani waliingia. Wazazi wa Lauterpacht, ndugu zake na jamaa wengine walikuwa huko. Barua zikakoma.

Yeye aliendelea kufanya kazi. Mwezi Januari 1941, akiwa katika ziara ya Marekani, alikutana mjini Washington na Robert Jackson, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa serikali ya nchi hiyo. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, na swali lilikuwa kama ingeweza kuisaidia Uingereza bila kuvunja sheria ya kutofungamana na upande wowote. Lauterpacht alimwandikia hoja zake: nchi iliyovamia wenzake kinyume cha sheria haiwezi kudai kwamba mataifa mengine yaitendee sawa na nchi iliyovamiwa. Urafiki wake na Jackson ulikuja kuzaa matunda makubwa.

Wakati huo huo alikuwa akiandika kitabu kuhusu haki za binadamu, kilichotoka mwaka 1945. Wazo lake lilikuwa jipya na la kushtua. Kwa karne nyingi, jinsi mtawala anavyowatenda watu wake yalihesabiwa kuwa mambo ya ndani ya nyumba yake. Jirani anasikia kilio usiku, lakini desturi inamwambia asiingilie nyumba ya mwenzake. Lauterpacht alitaka kanuni hiyo ifutwe. Alisema kwamba mtu mmoja mmoja, na si dola pekee, ana haki chini ya sheria ya kimataifa. Dola ipo kwa ajili ya watu, na pale inapowageuka watu wake, dunia ina haki ya kuingilia.

Alichokuwa hajui ni kwamba wakati akiandika, jamaa zake walikuwa wamekwisha kuuawa. Wazazi wake, kaka yake, dada yake na karibu ukoo wote uliobaki Poland waliangamia mikononi mwa Wanazi. Katika jamaa zake wa karibu waliokuwa huko, alinusurika mpwa wake mmoja tu, binti wa dada yake.

Neno lililopendekezwa bustanini

Vita vilipokwisha Ulaya mwezi Mei 1945, washindi wanne, yaani Marekani, Uingereza, Urusi ya Kisovieti na Ufaransa, walikubaliana kuwafikisha mahakamani viongozi wa Ujerumani ya Nazi. Jackson aliteuliwa kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Marekani. Lakini walikwama katika jambo moja: watuhumiwa washtakiwe kwa makosa gani?

Kosa la kuanzisha vita lilikuwepo mezani. Makosa ya kivita, kama kuua mateka, yalijulikana. Lakini je, serikali iliyowaua raia wake yenyewe? Ujerumani iliwaua Wayahudi wa Ujerumani, na kwa sheria ya zamani hayo yalikuwa mambo ya ndani.

Mwishoni mwa Julai 1945 Jackson alikwenda Cambridge, akazungumza na Lauterpacht bustanini kwake. Lauterpacht alimshauri agawe mashtaka katika mafungu yenye majina mafupi na wazi, ili hata mwananchi asiye mwanasheria aelewe. Kwa fungu la ukatili dhidi ya raia alipendekeza jina uhalifu dhidi ya ubinadamu. Maneno yenyewe hayakuwa mapya kabisa. Mwaka 1915 Uingereza, Ufaransa na Urusi ziliyatumia kulaani mauaji ya Waarmenia katika dola ya Waturuki. Lakini wakati ule yalikuwa ya kulaani tu. Hakuna aliyewahi kufungwa jela kwa ajili yake.

Tarehe 8 Agosti 1945 mkataba wa kuanzisha mahakama ulitiwa saini London, na maneno hayo yalikuwemo ndani yake kama kosa la jinai.

Kesi ilianza tarehe 20 Novemba 1945 katika mji wa Nuremberg, Ujerumani. Lauterpacht alikuwamo ukumbini pamoja na timu ya Uingereza. Aliandika sehemu kubwa ya hoja za kisheria zilizotolewa na kiongozi wa timu hiyo, Hartley Shawcross, mwanzoni na mwishoni mwa kesi. Hatua chache kutoka alipoketi alikuwapo kizimbani Hans Frank, aliyekuwa gavana wa Wanazi katika Poland iliyotekwa. Lemberg ilikuwa chini ya mamlaka yake wakati jamaa za Lauterpacht walipouawa.

Lauterpacht hakusimama kusimulia msiba wake. Aliandika kama mwanasheria, na hoja yake kuu ikawa kwamba anayetoa amri ya kuua hawezi kujificha nyuma ya jina la serikali. Makosa hutendwa na watu wenye majina, na ni wao wanaopaswa kujibu.

Hukumu ilitolewa tarehe 30 Septemba na 1 Oktoba 1946. Kati ya watu 22 waliohukumiwa, 12 walipewa adhabu ya kifo, 7 wakafungwa na 3 wakaachiliwa. Hans Frank alipatikana na hatia ya makosa ya kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu, akanyongwa tarehe 16 Oktoba.

Kundi au mtu mmoja?

Jambo la ajabu ni kwamba mtu mwingine aliyesoma sheria katika chuo kikuu kile kile cha Lemberg alikuwa naye akipigania neno lake. Huyo ni Raphael Lemkin, aliyebuni mwaka 1944 neno tunalolitafsiri kwa Kiswahili kuwa mauaji ya kimbari. Lemkin alitaka sheria ilinde makundi: makabila, mataifa na dini.

Lauterpacht aliona mambo kwa namna nyingine. Alihofia kwamba sheria ikianza kuangalia makundi, itawazoesha watu kufikiri kwa makundi, na hivyo kuchochea moto ule ule inaotaka kuuzima. Kwake, anayeuawa ni mtu, na kila mtu anapaswa kulindwa kwa sababu ni mtu, awe wa kabila lolote.

Dunia haikumchagua mmoja na kumwacha mwingine. Leo makosa yote mawili yamo katika sheria, na mara nyingi mtuhumiwa mmoja hushtakiwa kwa yote mawili. Lakini mabishano yao hayajaisha. Mtu yeyote aliyeishi katika nchi ambako siasa hupimwa kwa kabila anaelewa kwamba swali lao ni la kweli.

Jaji wa The Hague

Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Wengi walishangilia. Lauterpacht alilikosoa, kwa sababu halikuzilazimisha serikali kisheria. Haki bila chombo cha kuisimamia, alisema, ni nusu ya kazi. Kati ya mwaka 1952 na 1954 alikuwa mjumbe wa Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, na humo aliandaa taarifa kuhusu sheria ya mikataba. Alitetea msimamo kwamba mkataba uliosainiwa chini ya mtutu wa bunduki hauna nguvu.

Mwaka 1954 alichaguliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, akaanza kazi Februari 1955 katika kiti kilichoachwa na McNair. Wapo wakubwa London walionung'unika kwamba kiti hicho kingefaa kupewa Mwingereza wa kuzaliwa. Hata hivyo alichaguliwa, na mwaka 1956 akatunukiwa cheo cha Sir.

Hapa tufafanue jambo linalowachanganya wengi. Mjini The Hague kuna mahakama mbili zenye majina yanayofanana. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, iliyoanza kazi mwaka 2002, huwashtaki watu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile ya Lauterpacht, ilianza mwaka 1946. Ina majaji 15 wanaochaguliwa kwa miaka 9, nayo huamua kesi kati ya nchi na nchi, na hutoa maoni ya kisheria pale Umoja wa Mataifa unapoyaomba. Haimfungi mtu jela.

Mahakama hii haiwezi kuiburuta nchi yoyote mpaka nchi hiyo ikubali. Baadhi ya nchi zilikubali kwa masharti ya ujanja. Zilisema zinakubali mahakama, isipokuwa kwa mambo ya ndani, na kwamba zenyewe ndizo zitakazoamua lipi ni la ndani. Ni kama mtu anayekubali mbele ya wazee kwamba baraza liamue kesi zake zote, kisha anaongeza kuwa yeye mwenyewe ndiye atakayesema kesi ipi baraza lisiiguse. Katika kesi ya mikopo kati ya Ufaransa na Norway mwaka 1957, na ile kati ya Uswisi na Marekani mwaka 1959, Lauterpacht aliandika maoni yake binafsi akisema ahadi ya namna hiyo si ahadi hata kidogo. Majaji wengi hawakutaka kwenda mbali hivyo, lakini hoja yake inasomwa na kujadiliwa mpaka leo.

Sauti kutoka Afrika

Kesi zinazotugusa zaidi zilihusu nchi ambayo leo ni Namibia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, makoloni ya Ujerumani yaligawiwa washindi kwa usimamizi. Tanganyika ilipewa Uingereza, Ruanda-Urundi ikapewa Ubelgiji, na Afrika ya Kusini-Magharibi ikapewa Afrika Kusini. Masharti yalifanana na ya msimamizi wa mali ya yatima: unaitunza, lakini si yako, na utatoa hesabu.

Umoja wa Mataifa ulipoanzishwa, Tanganyika na Ruanda-Urundi ziliwekwa chini ya udhamini wake. Kwa utaratibu huo wananchi waliweza kwenda New York kueleza shida zao. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda kuwasemea Wameru waliofukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Hawakurudishiwa ardhi papo hapo, lakini dunia iliwasikia. Mwezi Machi 1955 Julius Nyerere naye alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini, akieleza madai ya watu wa Tanganyika.

Afrika Kusini ilikataa utaratibu huo. Ilitaka kuimeza nchi jirani, ikaacha kupeleka taarifa Umoja wa Mataifa. Waherero walipotaka kupeleka malalamiko yao, ilibidi kasisi Mwingereza, Michael Scott, akawasemee. Swali likafika mahakamani: je, Umoja wa Mataifa unaruhusiwa kuwasikiliza walalamikaji kwa mdomo, ilhali chombo kilichotangulia hakikufanya hivyo?

Mwaka 1956 mahakama ilijibu kwa kura 8 dhidi ya 5 kwamba inaruhusiwa. Lauterpacht alikuwa upande wa wengi, na akaongeza maoni yake. Alisema usimamizi ulioahidiwa lazima uwe na maana. Kama msimamizi anakataa kutoa hesabu, hawezi kulalamika kwamba watu wanatafuta njia nyingine ya kujua hali ya yatima. Mwaka uliotangulia, katika shauri jingine kuhusu nchi hiyo hiyo, alieleza kwamba nchi haifungwi na kila pendekezo la Baraza Kuu, lakini inapaswa kulifikiria kwa nia njema. Nchi inayoyapuuza mapendekezo mwaka baada ya mwaka inaweza kufika mahali pa kuvunja sheria.

Tusimfanye malaika. Uingereza iliyoshtaki Nuremberg kwa hoja zake ilikuwa bado inatawala makoloni, na wakati yeye akiwa jaji, serikali hiyo ilikuwa imewafungia makumi ya maelfu ya watu katika kambi za Kenya wakati wa hali ya hatari. Mahakama ya Nuremberg nayo ilihukumu walioshindwa tu, na ikaunganisha uhalifu dhidi ya ubinadamu na vita, hivyo yaliyotendwa kabla ya mwaka 1939 yakaachwa nje. Sheria aliyoipigania ilizaliwa ikiwa na upofu huo, na wengine walilazimika kuipanua.

Alichoacha

Hersch Lauterpacht alifariki London tarehe 8 Mei 1960 baada ya upasuaji, akiwa na umri wa miaka 62, kabla ya kumaliza kipindi chake cha ujaji. Mwanawe Elihu alifuata nyayo zake, na kituo cha utafiti wa sheria ya kimataifa huko Cambridge leo kinaitwa kwa jina la familia hiyo.

Suala la Namibia liliendelea bila yeye. Mwaka 1966 mahakama iliwavunja moyo Waafrika ilipoitupa kesi ya Ethiopia na Liberia dhidi ya Afrika Kusini. Mwaka 1971 ikatamka kwamba Afrika Kusini inaikalia nchi hiyo kinyume cha sheria. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990.

Nalo neno la bustanini lilifika kwetu. Mwezi Novemba 1994 Umoja wa Mataifa ulianzisha mahakama ya Rwanda, iliyofanya kazi zake Arusha hadi mwisho wa mwaka 2015. Iliwashtaki watu 93. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, kwa mauaji ya kimbari na kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, ukiwemo ubakaji. Maneno ya Lemkin na ya Lauterpacht yalisomwa katika hukumu moja, dhidi ya kiongozi wa ngazi ya chini kijijini, si waziri wala jenerali.

Si kila kesi hufika huko. Zile za Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu zilimalizika bila mtu yeyote kutiwa hatiani kwa ghasia zile, na wapo viongozi wengi duniani ambao hakuna anayewagusa. Sheria bado haina polisi wake. Lakini hakuna serikali leo inayoweza kusimama mbele ya dunia na kusema kwamba kuwaua watu wake ni mambo yake ya ndani, ikatarajia hoja hiyo ikubaliwe. Mwaka 1944 ingeweza. Hiyo ndiyo tofauti aliyochangia mtoto wa mfanyabiashara wa mbao kutoka Żółkiew, na ndiyo maana tunapoyasoma maneno hayo katika taarifa ya habari, tunayasoma kama jina la kosa ambalo mtu anaweza kushtakiwa nalo.